Siku Moja Maishani Mwangu: Mama wa Mtoto Asiyekula Njugu

Saa 10:45 alfajiri

Huamka kabla ya adhana kwa sababu kazi ya kwanza ya siku yangu ni uji, na uji wa nyumba hii siukubali upikwe kwa unga nisioujua ulikotoka. Tunakaa Fuoni, nje kidogo ya mji wa Unguja. Nina watoto wawili: mkubwa ana miaka minne na nusu, na mdogo wake ana miezi minane. Mkubwa ana mzio wa njugu, yaani karanga, hali ambayo wengi wetu tunaiita aleji. Mwili wake huiona njugu kama adui aliyevamia, na hupambana nayo kwa nguvu kubwa kiasi kwamba mapambano yenyewe ndiyo yanayomdhuru. Hachagui chakula, na hatumdekezi.

Uji ndio uliotufundisha. Alipokuwa na miezi kumi nilimpikia uji wa lishe wa dukani, kama walivyofanya mama wote niliowajua, na unga wa lishe, pamoja na mahindi, mtama na soya, mara nyingi hutiwa njugu. Hakumaliza kikombe. Midomo ilivimba, akatoka vipele mwili mzima kama mtu aliyeguswa na upupu, kisha akatapika. Katika kituo cha afya tulichokikimbilia tuliambiwa kuwa ni joto, tukapewa poda ya kumpaka. Nilirudi nyumbani nikiamini ni joto. Mwaka mmoja na kitu baadaye, harusini, mtoto akapewa kipande cha kashata ya nazi, na nazi haimdhuru hata kidogo, lakini kisu kilichoikata ndicho kilichokata kashata za njugu kwenye sinia hilo hilo. Safari ile pumzi zake zilipiga mluzi na macho yakafumba kwa uvimbe. Daktari aliyetupokea hakuuliza maswali mengi. Alimchoma sindano ya adrenalini, dawa ya dharura inayofungua njia ya hewa, kwenye paja, upande wa nje, na baada ya dakika chache nikaona rangi ikimrudia usoni. Ni daktari huyo aliyetukalisha kitako, akatueleza jina la kitu kinachomsumbua mwanangu.

Tangu siku hiyo uwele, mchele na choroko nasaga mwenyewe kwa blenda, kila Jumapili, kiasi cha wiki nzima. Mashine ya kusagia ya mtaani kwetu ni nzuri na mwenyewe ni mtu muungwana, lakini njugu za majirani hupita kwenye jiwe lile lile, na unga unaobaki humo hauonekani kwa macho.

Saa 12 asubuhi

Baba yao humvalisha mkubwa nguo za skuli, mimi nakagua mkoba. Ndani yake mna chupa ya maji, chakula cha mapumziko, ambacho leo ni vitumbua viwili na ndizi, na kikasha cheupe cha plastiki chenye kichupa cha adrenalini, bomba la sindano na karatasi ya maelekezo. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Yeye ana kilo 15, kwa hiyo ni miligramu 0.15, na daktari alituwekea alama ya utepe mwekundu kwenye bomba ili mkono unaotetemeka usihitaji kuhesabu. Kikasha cha pili hukaa nyumbani, kwenye rafu karibu na mtungi wa maji, mahali pasipofika jua. Dawa hii haitaki joto kali, na kwenye friji pia haiwekwi. Mwanzo wa kila mwezi naangalia tarehe ya mwisho ya matumizi na nampima mtoto uzito, maana akinenepa na alama nayo lazima isogee.

Ziko pia dawa za vipele na kuwashwa, tunazo, lakini tumefundishwa kwamba hizo haziifungui njia ya hewa. Akikohoa mfululizo, akipiga mluzi au akilegea baada ya kula, ni sindano kwanza, kisha gari, kisha simu za kuwaarifu watu. Baba yao amelikariri hilo. Mwalimu wake wa maandalizi naye amelikariri, na Mungu amlipe, kwa sababu skuli ya kwanza tuliyoiendea ilitujibu kwamba haina nafasi kwa mtoto mwenye maradhi mazito.

Wawili hao huondoka na Vespa. Mimi hubeba mdogo.

Saa 12:40 asubuhi

Bibi yao, mama mkwe wangu, anakaa mitaa miwili kutoka kwetu, na ndiye anayemlea mdogo ninapokuwa kazini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?”

Jibu lolote nitakalolitoa, kikombe kitakuja.

Mwanzoni hakuamini. “Sisi tumekulia njugu na muhogo,” aliniambia, “na hakuna aliyedhurika.” Sikumlaumu, kwa sababu alisema alichokiona katika maisha yake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa na watu wa afya kuwa ni joto. Walikuwapo pia majirani waliosema ni jicho, wengine wakasema nimpe kidogo kidogo mpaka azoee, ushauri ambao nyumbani, bila ya daktari, ungeweza kumuua. Lakini bibi alikuwapo kwenye harusi ile. Yeye ndiye aliyempakata mtoto ndani ya gari. Wiki iliyofuata niliingia jikoni kwake nikakuta kinu kipya, na kwenye mchi wake amefunga kipande cha kanga nyekundu. Kinu cha zamani, kile anachopondea njugu za kisamvu, alikuwa amekihamishia uani. “Chenye kanga ni cha mjukuu wangu,” alisema, wala hakuongeza neno. Hakuna zawadi niliyopewa katika nyumba ya ukweni iliyonigusa kama mchi ule.

Asubuhi ya leo ni zamu ya mdogo kula njugu. Naliandika hili nikijua litawashangaza wengi, na mimi lilinishangaza nilipolisikia kwa daktari. Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa London kwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata mzio huu kwa sababu walikuwa na ukurutu mkali au mzio wa mayai. Nusu yao walilishwa vyakula vya njugu mara kwa mara, nusu wakakatazwa kabisa, na walipofika miaka mitano, waliolishwa walikuwa wamepata mzio wa njugu kwa kiwango kidogo mno. Punguzo lilikaribia asilimia 80. Kabla ya hapo ushauri uliozoeleka ulikuwa kumkinga mtoto. Daktari alimkagua mdogo, akaridhika, akatuelekeza tumpe, na mara ya kwanza tulimlisha tukiwa hapo hapo mbele yake.

Bibi hutandika mkeka uani, mkeka ambao hauingii ndani. Njugu zimekwisha kupondwa zikawa laini kama siagi, maana njugu nzima kwa mtoto mdogo humkaba koo, mzio uwepo au usiwepo. Nachukua kijiko cha chai, nakoroga ndani ya uji mwembamba, namlisha. Anatabasamu, ananiramba kidole. Nakiangalia kijiko kile na mikono yangu inakuwa mizito, kwa sababu kitu kinachoifunga pumzi ya mwanangu mmoja ndicho ninachomlisha mwengine kwa mkono wangu ili kimkinge. Nimefanya hivi mara tatu kwa wiki kwa miezi miwili sasa na bado sijazoea.

Tukimaliza, bibi huosha mkeka, humvua mtoto nguo na kumwogesha. Mimi naosha mikono kwa maji na sabuni hadi viwikoni. Dawa ya kupaka mikononi, ile ya kukausha, huua vijidudu lakini haiondoi njugu. Maji na sabuni ndivyo vinavyoiondoa. Yote hayo lazima yawe yamekwisha kabla ya saa 6 mchana, mkubwa anaporudishwa hapo kutoka skuli.

Saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali mjini. Leo tumepokea barua nyingi, na majalada ya mwaka jana yalihitaji kupangwa upya. Saa 4:20 simu iliita, nikaona jina la mwalimu wa maandalizi. Simu yake huipokea nikiwa nimesimama, na nafikiri wenzangu ofisini wamekwisha kuijua ishara hiyo, maana chumba kizima hunyamaza. Alitaka kunikumbusha kikao cha wazazi cha Jumamosi. Nilikaa, nikanywa maji, nikaendelea na majalada.

Saa 9:50 alasiri

Napitia soko la Darajani. Bizari na viungo nanunua vizima, kwa sababu kijiko cha muuzaji huingia kwenye kila gunia na vya kusagwa sina njia ya kuvijua. Biskuti sinunui zile zinazouzwa moja moja kutoka kwenye gudulia la dukani; nataka pakiti nzima yenye maandishi. Nyingi zinatoka nchi za Kiarabu, na hapo ndipo chuo cha Kurani nilichosomeshwa utotoni kinaponifaa hata kwa jambo ambalo mwalimu wangu hakulifikiria: nimejifunza kulitafuta neno fuul sudani, ndilo jina la njugu kwa Kiarabu, na nikiliona narudisha pakiti. Muuzaji wa leo aliniuliza kwa nini nasoma muda mrefu. Nilimweleza. Akaacha kupima mchele wa mtu, akaanza kunitafutia pakiti nyengine, akisoma kwa sauti pamoja nami.

Saa 10:30 jioni

Nafika chuoni kumchukua mwanangu, na mlangoni naliona sinia. Kuna nyumba imefanya khitma leo na wameleta sadaka ya kashata kwa watoto. Miguu iliniishia nguvu. Chakula hapa kwetu ndicho pendo lenyewe, na sadaka hairudishwi. Ugumu mkubwa wa maradhi ya mwanangu umekuwa ni kuukatalia wema wa watu bila ya kuwavunja moyo.

Kisha nikaona kuwa watoto wamepanga foleni mbele ya ndoo ya maji, na maalim mwenyewe amesimama na kipande cha sabuni, akihakikisha kila mmoja anaosha mikono na kusukutua kabla ya kurudi kukaa. Mwanangu alikuwa peke yake kwenye jamvi la mbele, kando ya kiti cha maalim.

“Mama, leo kulikuwa na kashata,” aliniambia. “Nimesema sili. Maalim kanipa tende.”

“Tende nimezitoa nyumbani,” maalim aliniambia. “Naziweka kwenye mkebe wake peke yake, kwa siku kama hii.”

Sikupata la kusema zaidi ya kumwombea dua.

Njiani mtoto alinyamaza, kisha akaniuliza kama akiwa mkubwa atakula kashata. Sipendi kumdanganya. Nilimwambia kwamba baadhi ya watoto huachwa na mzio huu wanapokua, kiasi cha mmoja kati ya watano, na wengi hawaachwi, na kwamba daktari atampima tena. Alihesabu vidole vya mkono mmoja. Akakikunja kidole gumba, akavitazama vinne vilivyobaki, halafu akaniomba nimnunulie embe.

Saa 1:15 usiku

Baada ya sala ya magharibi mlango uligongwa. Alikuwa mtoto wa jirani, mikononi sahani iliyofunikwa kawa.

“Mama anakusalimia. Amesema ni tambi za nazi, hazina njugu, na sufuria na mwiko ameviosha kwanza. Na iliki ameitwanga kwenye kinu cha mama yako mkubwa.”

Akimaanisha kinu cha bibi, chenye kanga. Jirani huyu ndiye aliyepata kuniambia kuwa ni jicho.

Tambi za nazi mwanangu anazipenda kuliko chakula chochote, na za nyumba ya mtu hajawahi kuzila. Nilimtazama baba yao, naye akaenda akakichukua kikasha kutoka kwenye rafu, akakiweka mezani bila ya kusema kitu. Nikampakulia mtoto kijiko kimoja. Tukangoja dakika kumi na tano, nikiangalia midomo yake. Nikampa cha pili, kisha nikamwachia sahani. Alikula hadi akaipangusa kwa kidole.

Saa 3:30 usiku

Madhara huanza kwa kawaida ndani ya dakika chache, lakini yanaweza kuchelewa hata kwa muda wa saa mbili baada ya kula, kwa hiyo sikulala. Nilikuna nazi ya kesho, nikaijaza sahani ya jirani maandazi nitakayomrudishia asubuhi, na kila mara niliinamia kitanda kusikiliza pumzi. Alilala chali, mdomo wazi, akipumua kimya. Nikachukua daftari ninamoandika kila chakula kipya, nikaandika tarehe ya leo: tambi za nazi, za jirani, sahani nzima, hakuna vipele, hakuna kikohozi.