Kitanda Kimoja, Simu Mbili

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Kayole bado ni giza, lakini makanga wameshaanza kupiga mabati. Naingia matatu ya kwanza kabla Jogoo Road haijafungana.

Saa moja kamili tunapokezana zamu kando ya vitanda. ICU yetu, wodi ya wagonjwa mahututi, ina vitanda sita na vyote vina watu. Wa kitanda cha nne alitolewa mashine ya kupumulia jana, na sasa anadai uji. Mgonjwa anayedai uji ICU huyo ni wa kuhama. Raundi ya madaktari ya saa tatu inakubali, anarudishwa wodini.

Habari za kitanda kilicho wazi hazihitaji tangazo. Saa nne na dakika kumi simu inalia: mheshimiwa fulani anataka mama ya rafiki yake aletwe "huko juu". Mama ana saratani iliyofika kwenye ini na mifupa. Nampa daktari simu.

Haijapoa, inalia tena. Ni muuguzi mgeni kazini, wa wodi ya wanaume.

"Sista, mgonjwa wangu hapumui vizuri. Naogopa."

"Anapumua mara ngapi kwa dakika?"

Kimya.

"Kahesabu dakika nzima. Sikati simu."

Anarudi na tarakimu: 38. Oksijeni mwilini asilimia 84, ingawa amevalishwa barakoa ya mfuko kwa lita 15. Presha 82 kwa 50 baada ya lita mbili za dripu. Asubuhi alikuwa akiongea, sasa anaropoka.

Siwezi kumcheka. Miaka yangu ya mwanzo, katika hospitali nyingine, mwongozo wa kulaza mtu ICU ulibandikwa ukutani nyuma ya kalenda, nami nikiamini ni karatasi ya madaktari. Usiku mmoja nilikuwa na mgonjwa anayepumua mara 36. Nikaandika kwenye chati, kwa kalamu nyekundu tena, nikangoja raundi ya asubuhi. Raundi ilikuta kitanda kitupu.

Ndipo nilipousoma. Tunaoutumia hapa umefuata ule wa chama cha Marekani cha tiba ya wagonjwa mahututi, uliotoka 1999 na kupitiwa upya 2016. Ule wa mwanzo uliwapanga wagonjwa kwa ngazi nne. Ya kwanza ni wale wanaohitaji kitu ambacho wodi haina, kama mashine ya kupumulia au dawa ya kuinua presha, na wana nafasi nzuri ya kupona. Ya mwisho inachanganya watu wawili wasiofanana kabisa: aliye mzima mno na aliyezidiwa mno, maana ICU haitamsaidia yeyote kati yao. Ule wa 2016 unataja kasi ya kupumua kwa jina, na unasema umri peke yake usiamue. Na kasi ya kupumua nani huihesabu? Sisi. Daktari huamua kwa kile alichoambiwa.

Saa sita yule kijana wa wodi ya wanaume ameshafika, bomba liko kooni, noradrenalini, dawa ya kuinua presha, inatiririka. Chakula cha mchana ni chai iliyopoa.

Saa nane daktari anaketi na familia ya yule mama, nami nimekaa pembeni. Anaeleza kuhusu mofini, dawa ya kutuliza maumivu, na kwamba mashine itarefusha maumivu tu. Binti analia. Mwana wa kiume anatazama sakafu.

Saa moja na nusu jioni nimeshakabidhi zamu, napitia wodi ya wanawake. Mama amelala, anapumua polepole. Mwanawe yuko kwenye benchi.

"Sista, kile kitanda kilipata mtu?"

"Kilipata."

"Kijana?"

Nasita. Habari za mgonjwa mwingine si za kutoa, lakini uso wangu umeshasema.

"Kwa hivyo ni kwa sababu mama amezeeka."

"Hapana, kaka. Si umri."

Anasogea, ananiachia nafasi kwenye benchi. Naweka mkoba chini.