Mwanza mpaka Geita na gramu 14 za baba mdogo

Alhamisi alfajiri nikatoka zangu Mwanza, baba mdogo alikua kanipigia usiku kwamba duara lake kule Nyarugusu, yani shimo lake la kuchimba dhahabu, limetoa kidogo na anataka twende wote soko la dhahabu la Geita maana macho yake sa hivi hayasomi karatasi vizuri. Hiace nikapandia Nyegezi, Usagara tukakata kulia kuelekea Kigongo.

Jamani lile daraja! Kilomita 3 juu ya maji, limezinduliwa Juni 2025, na kila nikipita lazima ninyanyuke kwenye siti niangalie ziwa. Miaka ile pale ilikua kusubiri kivuko tu, wagonjwa, malori, kina mama na ndoo zao za samaki wote mmepangwa juani mnaangalia ng'ambo, leo dakika chache ushatokea Busisi.

Jirani yangu kwenye siti aliwahi kuwa kibarua mgodini upande wa Kahama, yeye kazi yake ilikua kufunga makinikia. Akanielezea vizuri, kwamba ule ni mchanga ushachakatwa, una shaba, dhahabu na fedha ndani, unaenda nje kuyeyushwa. Machi 2017 serikali ikazuia usitoke, makontena 277 yakakamatwa bandarini Dar, ndo mazungumzo na wenye migodi yakaja kuzaa Twiga, kampuni ya ubia na Barrick ambayo serikali ina hisa 16%. Nikamuuliza na nikeli, yale madini ya Kabanga kule Ngara, akasema ile imegunduliwa toka miaka ya 70 na mpango ni isafishwe hapohapo Kahama. Mi hilo naliombea kwakweli, kwasababu mawe yakiondoka mabichi na ajira inaondoka nayo, hata ujuzi wa kuyeyusha watoto wetu wataupatia wapi?

Baba mdogo nikamkuta stendi ya Geita kavaa koti kubwa na jua lote lile, mkono hautoki mfukoni. "Shikamoo baba." "Marahaba ng'wanawane, twende, maneno baadae."

Dhahabu yenyewe kaifunga kwenye karatasi ya nailoni, kipande cha rangi ya kahawia hivi kina vishimo vishimo ka mkate, maana ilichomwa na zebaki na ule moshi ndo unanitisha kila siku juu ya kifua chake, nimemwambia mara ngapi. Pale sokoni jamaa akaiweka kwenye kikombe cha udongo na boraksi, ule unga wa kuyeyushia, akawasha gesi, ikawa nyekundu halafu ikatulia ikang'aa yani ka jicho, akaimwaga. Ilipopoa wakapima usafi kwa mashine, 92%, mzani ukasoma gramu 14 na pointi, bei ya siku ipo ubaoni kila mtu anaiona, afisa madini kasimama hapohapo. Mrabaha, yani fungu la serikali kwenye madini, 6% ukakatwa, ada ya ukaguzi, na ushuru wa halmashauri, hela ikaingia.

Kabla soko hili halijafunguliwa Machi 2019 baba mdogo alikua anauzia mnunuzi mmoja chumbani, mlango umefungwa, mzani wa mnunuzi, bei ya mnunuzi. Siku moja gramu zilizopimwa 20 duarani zikafika kule zikawa 17 na hakua na pa kulalamika. Mwaka huohuo wa 2019 wachimbaji wadogo wakafutiwa VAT 18% na kodi ya zuio 5%, kukwepa soko kukawa hakuna faida ya kuhatarisha maisha.

Na sa hivi kule kwetu Mwanza kuna kiwanda cha kusafisha, kimejengwa kwa uwezo wa kilo 480 kwa siku, kinafikisha usafi wa 999.9 kwa elfu, na toka Oktoba 2024 wauzaji wa nje wanatakiwa 20% ya dhahabu waiuze Benki Kuu. Nilivyomwambia kwamba gramu zake zinaweza zikaishia kwenye akiba ya nchi akanyamaza kidogo, akauliza, "Hizi hizi zangu?"

Tukala ugali na sato, akanipa nauli nikakataa akanitumbukizia kwenye mkoba. Halafu ile risiti akanipa nimsomee mara mbili, akaikunja, akaingiza kwenye mfuko wake wa rambo ambako zipo zote, ya chini kabisa imefifia wino ila 2019 bado inasomeka.