Oili ya gia boksi na difu kwa pikapu ya kazi

Pikapu ya fowili, yaani inayosukumwa na tairi zote nne, yenye gia za mkono, kama Hilux ya dizeli ninayoitumia kusomba viazi na mbolea hapa Njombe, ina sehemu nne zinazohitaji oili mbali na injini: gia boksi, transfa inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, difu ya mbele na difu ya nyuma, yaani gia zilizo katikati ya eksili zinazopeleka nguvu kwenye tairi. Sehemu hizo hazifanyi kazi moja, hazipati joto sawa wala hazibebi mgandamizo sawa, kwa hiyo hakuna sababu ya kudhani kwamba zinahitaji oili moja. Hata hivyo, mazoea ya gereji nyingi ni kufungua dumu moja la oili nzito na kuimimina kwenye gia boksi na difu ya nyuma, huku transfa na difu ya mbele zikisahaulika kwa sababu mwenye gari hakuzitaja. Naamini uchaguzi huu unapaswa kufanywa na mwenye gari mwenyewe kabla hajafika gereji, akiwa na kitabu cha mwongozo mkononi na akielewa maana ya alama mbili zinazoandikwa kwenye lebo ya kila chupa.

Alama ya kwanza ni daraja la API, yaani Taasisi ya Petroli ya Marekani, ambalo kwa oili za gia huandikwa kwa herufi GL na namba. Madaraja tunayokutana nayo madukani ni mawili, GL-4 na GL-5, na watu wengi hudhani kwamba GL-5 ni GL-4 iliyoboreshwa, kwa hiyo lazima ifae kila mahali. Sivyo. Namba hiyo inaonyesha aina ya kazi ambayo oili imeandaliwa kuifanya, na ili kuielewa ni lazima kwanza tuitazame difu yenyewe.

Ndani ya difu ya nyuma ya pikapu kuna pinieni, gia ndogo inayoletewa nguvu na propela shafti, na krauni, gia kubwa inayozungusha eksili. Katika muundo unaoitwa haipoidi, ambao ndio unaotumika katika difu za pikapu nyingi, pinieni haikukaa katikati ya krauni bali imeshushwa chini ya mstari wa katikati. Muundo huu huruhusu pinieni kuwa nene na yenye nguvu zaidi, na huifanya difu itulie bila kelele. Lakini gharama yake ni kwamba meno hayabingiriani tu, bali huteleza kwa nguvu jino juu ya jino huku yakibeba uzito wote wa gari na mzigo. Katika mtelezo wa namna hiyo utando wa kawaida wa oili hukatika na chuma hugusa chuma. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa viambato vyenye salfa na fosforasi, ambavyo hukaa kimya hadi joto la mgusano linapopanda, kisha huungana na uso wa chuma na kutengeneza ngozi nyembamba inayokubali kuchubuka badala ya meno kushikana na kunyofoana. GL-5 ina viambato hivyo kwa wingi, na GL-4 kwa kawaida ina takriban nusu ya kiasi hicho. Kwa hiyo ukiweka GL-4 katika difu ya haipoidi inayopanda mlima wa Kitonga na tani moja mgongoni, unayanyima meno kinga yake mahali yanapoihitaji zaidi, na krauni ikishachubuka hainunuliwi peke yake, kwa kuwa krauni na pinieni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa kama jozi. Kuhusu difu, basi, sina mjadala: GL-5.

Gia boksi ya mkono ni suala jingine. Humo kuna pete za kulinganisha mwendo, ambazo katika magari mengi hutengenezwa kwa shaba njano, na kazi yake ni kuikamata gia inayozunguka kwa mwendo tofauti na kuifikisha kwenye mwendo unaotakiwa kabla meno hayajaingiana. Pete hizo hufanya kazi kwa msuguano. Oili yenye utelezi mwingi kupita kiasi huzifanya zichelewe kukamata, na dereva huhisi gia ya pili au ya tatu ikigoma au ikikwaruza, hasa gari likiwa bado na baridi. Isitoshe, salfa kali iliyotumika katika GL-5 za zamani ilikuwa ikiila shaba pindi oili inapopata joto. Viwanda vimepunguza ukali huo kwa miaka mingi sasa, na ni haki kusema kwamba Toyota yenyewe, katika vitabu vya Hilux na Land Cruiser vingi, inaruhusu GL-4 au GL-5 kwenye gia boksi ya mkono kwa mnato, yaani uzito wa oili, wa 75W-90 (namba ninazozieleza hapa chini). Mimi huchagua GL-4 pale kitabu kinaporuhusu zote mbili, kwa sababu meno ya gia boksi hayatelezi kama ya haipoidi na hayana haja ya viambato vyote vile, ilhali pete za shaba zina haja ya msuguano wake. Zipo pia pikapu zisizofuata kanuni hii hata kidogo: gia boksi za mkono za baadhi ya Isuzu hutaka oili ya injini, na fundi asiyesoma kitabu atazijazia oili nzito ya gia akiamini anazitendea wema.

Alama ya pili ni namba ya mnato ya SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari, na hapa ndipo mazoea yetu yanapokosea zaidi. Kipimo cha oili za gia si kile cha oili za injini, ingawa vyote viwili hutoka kwenye jumuiya ileile ya wahandisi. Oili ya gia ya SAE 90 ina mnato wa kati ya senti-stoki (kipimo cha mnato) 13.5 na 18.5 kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, ambao unaangukia mahali oili za injini za SAE 40 na SAE 50 zilipo. Namba 90 isimtishe mtu akadhani ni uji. SAE 140 huanzia senti-stoki 24 na kupanda hadi 32.5, na hiyo kweli ni nzito. Namba ya mbele yenye herufi W inahusu baridi: 75W hupimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, na 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Hakuna mahali nchini mwetu ambapo gari la kazi hulala katika baridi ya namna hiyo, hata kwenye nyanda za Kitulo zinazopata sakitu. Hata hivyo tofauti huonekana: asubuhi za Juni na Julai hapa Njombe, gia boksi yenye 75W-90 huingiza gia bila kulazimishwa, wakati yenye oili nzito hutaka kilomita kadhaa kwanza ndipo ilainike. Kwa difu, 80W-90 au 85W-90 inatosha kwa hali yetu ya hewa, na vitabu vingi vya Toyota hutaja SAE 90 waziwazi.

Nimeambiwa na mafundi zaidi ya mmoja, kwa nia njema kabisa, “Kaka, weka 140, difu itatulia.” Ni kweli itatulia, lakini kinachotulia ni mlio, huku beringi iliyochakaa ikiendelea kuchakaa. Oili nzito kupita kiasi hukorogwa kwa taabu, hujizalishia joto, hula nguvu ya injini, na huchelewa kufika kwenye beringi za pinieni gari linapoanza safari. Yapo magari ambayo watengenezaji wake wanaruhusu 85W-140 kwa mizigo mizito na joto kali, na kwa magari hayo ni chaguo halali. Kwa gari ambalo kitabu chake hakitaji 140, mlio wa difu ni sababu ya kufungua na kukagua.

Kabla ya kununua oili ya difu ya nyuma, jua pia difu yako ni ya aina gani. Ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure, ambayo huandikwa LSD, ina sahani za msuguano ndani, na hutaka GL-5 iliyotiwa kiambato maalumu; ikikosa kiambato hicho, gari hutetemeka na kuguna linapokata kona kali. Difu yenye loku ya kubonyeza kwa swichi haina sahani hizo na haihitaji oili ya LSD. Transfa kwa kawaida hufuata oili ya gia boksi, 75W-90, na ina boliti zake za kujazia na za kumwagia.

Wenye pikapu za otomatiki wana kazi nyingine, kwa sababu oili ya gia boksi yao, ile wanayoiita haidroliki, si kitu kimoja. Rangi nyekundu hutiwa ili uvujaji utambulike, nayo haielezi chochote kuhusu ubora wala ulinganifu. Dexron ni viwango vya General Motors, na kampuni hiyo iliacha kutoa leseni za Dexron-III mwishoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo chupa mpya inayojitangaza kwa jina hilo leo inategemea neno la muuzaji pekee. Toyota za zamani hutaka Dexron au T-IV, kiwango cha Toyota yenyewe, za miaka ya karibuni hutaka WS, kiwango kingine cha Toyota, ambayo ni nyepesi zaidi na haipaswi kuchanganywa na T-IV. Ford Ranger yenye gia kumi hutaka Mercon ULV, kiwango cha Ford, nyepesi kuliko zote hizo. Gia boksi ya otomatiki hutumia oili hiyohiyo kulainisha, kupoza, kusukuma vali na kushikisha klachi zake, na kosa la aina ya oili huonekana kwa gia kuteleza au kuingia kwa mshtuko. Humo sikubali kabisa oili “inayofaa magari yote” isipokuwa lebo itaje kiwango changu kwa jina lake kamili.

Dukani, natazama kwanza maandishi ya GL na SAE, kisha alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kisha muhuri wa kifuniko, na jina la kampuni huja mwisho. Sinunui oili inayopimwa kutoka kwenye pipa lililo wazi hata bei ikiwa nusu, kwa sababu difu ya nyuma huchukua lita 2 hadi 3 hivi, na fedha inayookolewa hapo haifikii sehemu ndogo ya bei ya krauni na pinieni.

Wakati wa kubadilisha, gari lisimame mahali tambarare na oili iwe na uvuguvugu, na boliti ya kujazia ifunguliwe kabla ya ile ya kumwagia, maana ikigoma baada ya oili kumwagika gari haliondoki hapo. Oili hujazwa hadi ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia. Mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, na nusu ya hapo ninapokuwa kwenye msimu wa mizigo mizito. Lakini hesabu hiyo haifuatwi baada ya kuvuka mto uliofunika eksili. Difu yenye joto ikizama kwenye maji baridi, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio, yaani tundu la kupitishia hewa, au sili zilizochoka. Fungua boliti ya kujazia kesho yake utazame: oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwage yote, weka mpya ya daraja lilelile, endesha siku chache, kisha tazama tena, na kama weupe ungalipo, mwaga mara ya pili na ubadilishe kipumulio.