Foleni imehamia maktaba: namna ninavyoendesha meza ya kompyuta za umma

Ofisi nyingi za umma zimefunga dirisha na kufungua tovuti. Mkopo wa elimu ya juu, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, namba ya mlipakodi (TIN) ya TRA, usajili wa jina la biashara BRELA, maombi ya kazi serikalini: yote yanaanzia kwenye skrini. Mwenye laptopu na bando nyumbani anamaliza chai haijapoa. Asiye navyo ana njia mbili: aende steshenari, ambako kila hatua ina bei yake, au aje maktaba. Kazi iliyokuwa ya karani sasa iko mezani kwa mkutubi, ila fungu la karani, karatasi zake na umeme wake havikuja nayo. Naeleza hapa namna ninavyoiendesha meza hiyo katika maktaba ya mkoa hapa Tanzania, yenye kompyuta sita na intaneti isiyotosha, kwa faida ya wakutubi wenzangu walio katika hali hiyo hiyo.

Nianze na muda, maana ndiko haki inakopotea kimyakimya. Mazoea ni kumpa kila mtu nusu saa. Kwa macho ni usawa. Lakini anayechapa kwa vidole kumi anatuma maombi mawili ndani ya nusu saa hiyo, na anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza anaimaliza akitafuta alama ya @. Dakika sawa zinampendelea aliye na kompyuta nyumbani. Kwa hiyo mimi nagawa kwa kazi, sigawi kwa saa. Kompyuta moja imewekwa juu ya meza ndefu isiyo na kiti, dakika kumi tu: kuangalia matokeo, kutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, kuprinti kilicho kwenye barua pepe. Kukosa kiti kunafanya kazi kuliko tangazo lolote la ukutani, hakuna anayefungua video akiwa amesimama. Kompyuta tatu ni za maombi. Hapo hakuna kikomo cha dakika, kuna kikomo cha kazi moja: ukianza fomu, unaimaliza au unaihifadhi, kisha unanyanyuka. Mbili zilizobaki ni za kusomea na hazina intaneti kabisa. Nitazirudia.

Hakuna anayekaa kwenye kompyuta ya maombi kabla hajapita meza ya karatasi. Nimeandaa ukurasa mmoja wa A4 kwa kila huduma inayoulizwa sana, wenye nafasi za kujaza kwa kalamu: majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, namba ya mtihani na mwaka, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, namba ya simu, barua pepe, majina ya wazazi, jina na namba ya mdhamini. Tovuti nyingi za aina hii zinamtoa mtu nje akikaa kimya dakika chache, na anayempigia mama yake simu kuuliza mwaka wa kuzaliwa wa baba lazima atatolewa. Akiwa na ukurasa wake uliojaa, kilichobaki ni kunakili. Meza ya karatasi ndiyo pia inayofichua matatizo mapema. Mohamed kwenye cheti cha shule akiwa Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa, ni afadhali ajue hapo akiwa bado na siku za kurekebisha, kuliko kujua saa tisa alasiri siku ya mwisho.

Maombi ya mkopo ndiyo yanayojaza ukumbi, na wengi wanakuja wakidhani ni kazi ya siku moja. Siyo. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa kwanza, RITA kwa waliozaliwa Bara na ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar, na majibu hayatoki papo hapo. Mwenye mzazi aliyefariki anahakiki na cheti cha kifo. Kisha kuna malipo kwa namba ya kumbukumbu, kujaza fomu mtandaoni, kuiprinti, kuipeleka kwa mdhamini, serikali ya mtaa na kamishna wa viapo kwa sahihi na mihuri, kuirudisha, kuiskani na kuipandisha. Ninampa kila mwombaji kadi ndogo yenye hatua hizo, natia alama alipofika na kuandika tarehe ya kurudi. Bila kadi, mtu anarudi wiki ya tatu akianza upya, na anakutana na mkutubi wa zamu nyingine asiyejua lolote. Nawasukuma pia waanze uhakiki kabla dirisha la mkopo halijafunguliwa, kwa kuwa hatua hiyo haingojei mtu awe amechaguliwa chuo.

Sasa akaunti. Hili naliona ndilo tatizo kubwa kuliko uhaba wa kompyuta. Mtu anakuja na akaunti iliyofunguliwa na mhudumu mahali fulani, kwa barua pepe ya mhudumu na paswedi anayoijua mhudumu. Mwaka wa kwanza mambo yanakwenda. Mwaka unaofuata mhudumu hayupo, na mwenye akaunti hawezi kuingia wala kuomba paswedi mpya, kwani ujumbe unakwenda kwenye barua pepe isiyo yake. Simu nayo ina lake. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao ukomo wake ulikuwa Januari 20, 2020, uliwakuta wengi hawana namba ya NIDA, wakasajiliwa laini kwa jina la kaka au jirani. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini hiyo, na laini ikifungwa, akaunti imekufa nayo.

Kanuni yangu ni kwamba barua pepe inafunguliwa na mwenyewe, vidole vyake vikiwa kwenye kibodi, hata ikichukua dakika arobaini. Mkutubi anaelekeza kwa mdomo na kidole, hashiki kipanya. Kabla ya kuanza namwuliza laini imesajiliwa kwa jina la nani, na kama siyo lake anashughulikia laini kwanza. Paswedi anaiandika kwenye kadi ninayompa, anaondoka nayo. Najua washauri wa usalama wa mtandao wanakataza kuandika paswedi kwenye karatasi. Ushauri huo ni wa mtu mwenye kompyuta yake inayomkumbushia. Kwa anayeingia kwenye akaunti mara mbili kwa mwaka, karatasi iliyo kwenye kabati moja na vyeti ndiyo salama yake.

Kuskani ndiko muda wa maombi unakoteketea bila mtu kujua sababu. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) na rangi una pikseli 2,480 kwa 3,508. Bila kubanwa hiyo ni megabaiti 26. Kwa dpi 150 na kijivu unashuka hadi megabaiti 2 na ushee, na ukihifadhiwa kama PDF iliyobanwa unatoka kwenye kilobaiti mia mbili hadi mia nne, unasomeka vizuri na muhuri unaonekana. Tovuti zinaweka kikomo cha ukubwa wa faili, lakini hata zisizoweka, tatizo ni kasi ya kupandisha. Tukiwa na kilobiti 256 kwa sekunde za kwenda juu, mafaili matano ya megabaiti 4 yanachukua zaidi ya dakika kumi. Katikati ya safari mfumo unakutoa na unaanza tena. Nimeweka kitufe kimoja tu kwenye skana, dpi 150 kijivu, na nimefuta chaguo nyingine zote. Muhuri wa bluu uliofifia ndio pekee unaohitaji rangi. Picha ya pasipoti naikata milimita 35 kwa 45, yaani pikseli 413 kwa 531 kwa dpi 300. Picha ya picha, ile ya kupiga kwa simu pasipoti iliyobandikwa kwenye fomu, hukataliwa kwa sababu ya kivuli na mng'ao, kwa hiyo nina ukuta mweupe na stuli karibu na dirisha.

Mashine zenyewe ni za msaada, za zamani, zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4. Windows 10 iliachwa kuhudumiwa na Microsoft Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai kichakataji na chipu ya usalama ambavyo mashine hizi hazina. Hapo maktaba tajiri inanunua mpya. Sisi tunaweka diski ya SSD ya GB 240 mahali pa diski ya kuzunguka, tunaongeza RAM ifike 8, na tunasakinisha Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. SSD peke yake inafanya mtu aone amepewa kompyuta nyingine. Kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia nawasha kipindi cha mgeni: kila mtu anaanza na meza tupu, na akitoka kila kitu kinafutika, pamoja na historia ya kivinjari na nakala za vyeti alivyopakua. Hili ni la lazima. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, folda ya Downloads iliyojaa vitambulisho vya wateja wa jana ni mzigo wa taasisi, si uzembe mdogo tu.

Kipindi cha mgeni kina meno pande zote mbili. Mafaili yake yanakaa kwenye RAM, ndiyo maana GB 4 hazitoshi mtu akiskani kurasa nyingi. Na umeme ukikatika, kazi yote imekwenda. Kwa hiyo kompyuta za maombi ni mpakato (laptopu) zenye betri nzima, hata kama skrini ni ndogo, na nimebandika kibao juu ya kila moja: HIFADHI KWENYE FLASHI AU JITUMIE KWA BARUA PEPE. Mpakato zina faida ya umeme wa LUKU pia. Kompyuta za mezani sita zenye wati 120 kila moja kwa saa nane ni karibu uniti 5.8 kwa siku. Mpakato sita za wati 30 hazifiki uniti moja na nusu.

Kuhusu intaneti, adui wa kwanza ni simu za walio ndani ya ukumbi. Simu nne zikitazama video ya 720p zinakula sehemu kubwa ya kasi ya megabiti 10 kwa sekunde. Kwenye ruta nimewawekea watumiaji wa Wi-Fi kikomo cha megabiti 1 kwa kila kifaa, na kompyuta za maombi zimehakikishiwa megabiti 4 zisizoguswa. Masasisho ya mashine yanafanyika usiku kwa bando la usiku. Wapo wanaoshauri kuweka seva ya kuhifadhi kurasa ili zisipakuliwe mara mbili. Ushauri huo ulikuwa mzuri zamani. Siku hizi karibu kila tovuti inakwenda kwa HTTPS, yaani ikiwa imefungwa kwa siri, na seva ya katikati haioni kilichomo wala haiwezi kukihifadhi.

Njia bora ni kuondoa kwenye intaneti kila kisichohitaji intaneti. Zile kompyuta mbili za kusomea, pamoja na simu za wanafunzi, zinaungana na Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo sana inayoendesha Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, ambayo ndani yake nimeweka Wikipedia ya Kiswahili nzima na ya Kiingereza. Ya Kiingereza yenye picha inazidi gigabaiti 100, kwa hiyo nilitumia isiyo na picha. Kifaa hicho hakili wati kumi. Kinachokiua ni chaja: kinataka volti 5 na ampea 3, ukikipa chaja ya simu yenye waya mwembamba kinapungukiwa, kadi ya kumbukumbu inaharibika, nawe utailaumu kadi. Weka chaja yake halisi, na nakala ya kadi ndani ya droo. Vitabu vya kiada vina haki miliki, usivipakie humo bila ruhusa ya maandishi.

Kisha karatasi, jambo dogo linalogombanisha watu. Kurasa tano za kwanza ni bure kwa anayefanya maombi. Zaidi ya hapo analipa, na malipo ya taasisi ya umma yanapita kwa namba ya kumbukumbu. Kumtolea mtu namba ya kumbukumbu kwa kopi mbili ni kichekesho. Tunauza kadi ya kurasa 20 kwa namba moja, na tunapiga mhuri kila anapotumia. Wanafunzi wanachanga kadi moja watu wanne, siwakatazi.

Mwisho ni daftari. Takwimu za kawaida za maktaba zinahesabu vichwa vilivyoingia mlangoni, na vichwa havimshawishi mtu wa bajeti. Mimi naandika kazi: huduma gani, ya ofisi gani, imekamilika au la, na kama la, herufi moja ya sababu. L ni laini isiyo yake, M ni majina yasiyolingana, S ni mfumo uliokuwa chini, U ni umeme, P ni kukosa pesa ya malipo, N ni kukosa nafasi kwetu. Majina ya watu hayaingii daftarini. Kila robo mwaka najumlisha kwa ofisi, siyo kwa siku, na jedwali hilo linakwenda na barua mbili. Moja ni kwa uongozi wangu, yenye mistari mitatu tu ya maombi: bando, tona, na karani mmoja wa msimu wa mkopo. Nyingine ni kwa kila ofisi iliyotajwa humo, ikionyesha kazi yake ngapi zimefanyikia kwetu na zipi zimekwama kwa herufi ipi. Ofisi ikiona L na M zimejaa kwenye safu yake, walau inapata la kujibu: ilete afisa wake ukumbini siku mbili wakati wa msimu. Meza na kiti chake vipo, vinasubiri mtu.