Mkanda wa paka lazima ufunguke wenyewe

Paka wangu Shaba hakai ndani. Tunaishi Mji Mkongwe, Unguja, na paka wa huku wana njia zao: barazani hadi ukutani, ukutani hadi kwenye bati, kwenye bati hadi roshani ya mtu. Nilimtakia mkanda wa shingoni ili atakayemwokota ajue ana mwenyewe na apate namba ya kupiga.

Jambo lililonitia hofu lilimpata paka wa jirani. Mkanda wake ulikuwa na bizimu ya chuma, tena umelegea. Katika kuhangaika auvue, mguu wa mbele ukapenya, mkanda ukamkaa kwapani. Alipoonekana ulikuwa umeshamla nyama. Mwingine hunasa taya, au hurukia dirisha mkanda ukashika kwenye nondo, akaning'inia.

Kwa hiyo nikatafuta wenye kifungo cha plastiki kinachofyatuka kikivutwa. Neno la muuzaji peke yake sikulitegemea. Nyumbani niliufunga kwenye kitasa cha mlango, nikautundikia sukari kilo mbili. Shaba ana kilo nne hivi. Kifungo kisichoachia kwa nusu ya uzito wake sikitaki shingoni mwake. Uliogoma nikaukata, nikaunga ncha kwa nyuzi chache nyembamba za pamba, nikaupima tena mpaka ukakatika. Kipande cha mpira hakitoshi: mpira hutanuka tu, na hapo ndipo mguu unapopita.

Kwenye kuvalisha, vidole viwili viingie kati ya mkanda na shingo, visibanwe wala visiogelee. Mtoto wa paka apimwe kila wiki kwa sababu anakua haraka. Namba ya simu nimeiandika kwenye mkanda wenyewe kwa wino usiofutika, kisiwepo cha kuning'inia. Njuga nimeiweka kwa ajili ya ndege. Hawaponi wote, lakini wengi husikia wakaruka.



Wapo wanaosema chipu ya utambulisho, ile inayowekwa chini ya ngozi ya paka, inatosha. Ni nzuri, haidondoki, ila haisomeki bila mashine yake, na jirani wa kichochoro cha pili hana mashine. Namba ataisoma. Shaba hurudi shingo tupu mara kwa mara, nami namvika mwingine bila kinyongo.