Mkono Ulitangulia Neno

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome Marko 1:40-42.

Mwenye ukoma anapiga magoti mbele ya Yesu. Sheria ya Walawi 13 ilimtaka akae peke yake nje ya kambi, apaze sauti kwamba ni najisi ili watu wamkwepe. Yesu angeweza kusema neno tu. Mtumishi wa yule akida alipona akiwa mbali (Mathayo 8). Lakini huyu anamnyoshea mkono, anamgusa, ndipo anamwambia atakasike.

Nimekuwa nikisoma jinsi ubongo unavyopokea mguso, na tangu hapo mkono huo hauniachi. Zipo neva za haraka: habari hukimbia makumi ya mita kwa sekunde, hupanda uti wa mgongo hadi ukanda wa ubongo unaotambua umeguswa wapi na kwa nguvu gani. Miaka ya 1930 huko Montreal, daktari Wilder Penfield aliuchunguza ukanda huo kwa umeme hafifu, wagonjwa wakiwa macho, nao wakamweleza walichohisi. Midomo na vidole vina nafasi kubwa humo kuliko mgongo mzima.

Kuna na neva nyingine, nyembamba, za polepole, kama mita 1 kwa sekunde. Hizi ndizo zinazonifanya nimshukuru Mungu. Huamka zaidi ngozi yenye vinyweleo inapopapaswa taratibu, kama sentimita 3 kwa sekunde, na kiganja chenye joto la kawaida la ngozi. Habari zake huelekea sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na hisia. Hazikuelezi sana umeguswa wapi, hukutuliza. Na wazazi wanapompapasa mtoto mchanga, mikono yao huangukia mwendo huohuo bila kufundishwa. Muumba aliiweka njia hiyo kabla mtoto hajajua neno hata moja.

Fikiria basi mtu aliyenyimwa hayo kwa sababu ya ugonjwa wake. Yesu aliona ngozi, akaona na upweke.

Nasi tukitembelea wagonjwa, mara nyingi tunasimama karibu na mlango, tunaomba, tunaaga. Ni kweli si kila mtu hupenda kuguswa, na aliyewahi kuumizwa mguso humtia hofu. Mwenye ukoma alimwendea Yesu kwa hiari yake. Kwa hiyo vuta kiti, ukae. Muulize kama unaweza kumshika mkono. Akikubali, mshike, ukae naye kidogo, halafu ndipo umwombee.