Kompyuta ya Michezo katika Nyumba ya Mawe: Joto, Chumvi na Upepo wa Lamu

Siku za mwisho za Machi, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijashika, Lamu huingia katika maleleji: bahari hulala shwari, nguo kambani hazitikisiki, na kuta za mawe ya matumbawe, ambazo mchana kutwa zimekuwa zikinywa joto, hulitoa polepole hadi usiku wa manane. Ni katika siku kama hizo, mwaka uliopita, ndipo kompyuta ya michezo niliyoiunda kwa mikono yangu ilipoanza kuzimika ovyo.

Si kompyuta ya fahari. Vipande vyake nilivinunua kimoja kimoja, vingine vipya na vingine vilivyokwisha kutumika, vikaja kwa basi hadi Mokowe upande wa bara na kuvuka kwa mashua: prosesa ya Ryzen 5 3600, yaani ubongo wa kompyuta, pamoja na hitisinki ndogo iliyokuja nayo (kipozaji cha metali chenye mapezi na feni yake), kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super, na kasha la bei nafuu lenye kioo ubavuni na feni moja tu mgongoni. Miezi yote ya kusi ilifanya kazi bila kunisumbua. Usiku mmoja wa Machi mpwa wangu alikuwa akicheza mbio za magari. Gari lake likaanza kwenda kwa kukatakata, feni ikanguruma kama mashine ya kusaga, kisha skrini ikawa nyeusi.

"Mjomba, imekufa?" aliniuliza, mikono bado i juu ya kibodi.

Haikufa. Nilipoiwasha tena na kufungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto la vipande, niliona prosesa ikipanda hadi digrii 94 mara tu mchezo ulipoanza, na kikomo chake kilichowekwa na AMD, kampuni iliyoiunda, ni digrii 95. Ikikaribia hapo, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na ndiyo maana lile gari lilikuwa likikatakata. Ikiwa hilo halitoshi, hujizima. Kwa hiyo anayeona mchezo unakwenda vizuri dakika 10 za kwanza halafu unaanza kukwama, asikimbilie kulaumu mchezo wala kadi yake. Aangalie joto kwanza.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba dawa ya joto ni wingi wa feni. Niliagiza feni 2 za milimita 120, nikazifunga mbele ya kasha, na baada ya kazi yote hiyo joto likashuka digrii 2 tu. Jioni ile dada yangu alikuwa akifukiza nyumba, nikamwomba kijiti kimoja cha udi. Nilikishika nyuma ya kompyuta, ambayo wakati huo ilikaa ndani ya shubaka kubwa la ukutani lililokuwa likiwekewa matandiko zamani za bibi yangu, nikautazama moshi. Ulitoka mgongoni kwa nguvu, ukagonga jiwe, ukapanda, ukapita juu ya kasha, na kabla sijahesabu hadi 5 ulikuwa umeshazunguka na kuvutwa tena na zile feni mpya za mbele. Kompyuta ilikuwa ikivuta pumzi iliyoitoa yenyewe, na mimi nilikuwa nimeiongezea nguvu ya kufanya hivyo.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sasa ningependa kila mwenzangu wa pwani alielewe kabla ya kutoa senti yake. Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kuichukua hewa ya chumba na kuipitisha katikati ya mapezi ya hitisinki yaliyopata joto, na kwa sababu hiyo hakuna feni wala hitisinki, hata iwe kubwa namna gani, inayoweza kuishusha prosesa chini ya joto la hewa iliyoingia. Wapimaji wengi wa Ulaya na Marekani hufanya majaribio yao katika vyumba vya digrii 20 au 22. Wakiandika kwamba hitisinki fulani iliiweka prosesa kwenye digrii 72, mimi niliye katika chumba cha digrii 32 yanipasa kuongeza 10 au 12 na kutarajia 82 au 84, kwa maana kila chumba kinapopanda digrii moja, prosesa nayo hupanda karibu digrii hiyohiyo. Vipozaji vya maji, ambavyo vijana wengi huvitamani kwa taa zake, haviepuki kanuni hii. Maji hubeba joto hadi kwenye redieta, na redieta hupozwa na hewa ileile ya chumba.

Isitoshe, chumba chenyewe hakibaki kama kilivyokuwa. Umeme wote unaoingia katika kasha hutoka ukiwa joto: kadi yangu imekadiriwa wati 125, prosesa ikijitahidi hufika wati 88, na ukihesabu bodi, diski na feni unapita wati 220. Mtu aliyekaa kitako hutoa takriban wati 100. Basi kuiwasha kompyuta hiyo ni sawa na kuwaingiza wageni wawili katika chumba ambacho, kwa desturi ya nyumba zetu, ni kirefu na chembamba, kwani boriti za mikoko hazikuruhusu upana wa kupita mita 3 hivi. Chumba changu ni cha ndani kabisa, kilicho mbali na kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba ulio wazi juu. Mchana kina kivuli kizuri, lakini hewa yake haitembei.

Niliitoa kompyuta shubakani, nikaiweka juu ya meza fupi, shibiri mbili kutoka ukutani, katika msana, ule ukumbi unaotazama kiwanda, mahali ambapo hewa ya chini huingia na ya moto hupanda na kutoka juu kwenye uwazi. Sikubadilisha kitu kingine chochote siku hiyo. Joto la prosesa katika mchezo uleule likawa digrii 85. Digrii 7 zilipatikana kwa kuhamisha meza tu.

Wako watakaouliza kwa nini sikuiweka dirishani upande wa bahari, ambako hata katika maleleji hapakosi upepo mdogo. Nilitaka sana kufanya hivyo, na nusura nifanye. Aliyenizuia ni ami yangu, ambaye huvusha abiria kati ya Lamu na Mokowe. Alinikuta barazani nimeifungua kompyuta, akainama, akapitisha kidole juu ya skrubu za feni ya nyuma, akakitazama.

"Hii ni chumvi, mwanangu," alisema. "Injini yangu nisipoiosha kwa maji yasiyo ya chumvi kila jioni, haimalizi mwezi kabla ya kushika chumvi hivihivi."

Nilichukua tochi nikatazama nilichokuwa sijawahi kukitazama. Vichwa vya skrubu vilikuwa na unga mweupe pembezoni na kutu nyekundu katikati. Kati ya mapezi ya alumini vumbi halikuwa vumbi tena. Lilikuwa limeshikana kama unga uliomwagiwa maji, na nilipolichokoa kwa kijiti cha meno lilitoka vipande vipande, lenye unyevu. Shaba iliyo chini ya hitisinki ya kadi ilikuwa na doa la kijani lenye ukubwa wa punje ya mtama.

Sababu yake ni hii: chumvi ya kawaida, hewa inayoizunguka ikizidi unyevu wa asilimia 75 hivi, huvuta maji kutoka hewani hadi ikayeyuka, na usiku wa Lamu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Vumbi lenye chumvi hugeuka tope la maji ya bahari, likaziba mapezi, likala metali, na likitua juu ya bodi huweza kupitisha umeme pasipotakiwa. Kwa mwenye kompyuta Nairobi, vumbi ni suala la usafi. Kwetu sisi linabeba chumvi, na ndiyo maana upepo wa bahari ambao mwili huufurahia ndio ambao mashine haifai kuupokea moja kwa moja. Ninasema hivi nikijua kwamba dirishani ningepata digrii 2 au 3 za ziada. Ni afadhali prosesa iende kwenye digrii 80 kwa miaka mingi kuliko iende kwenye 77 hadi bodi ioze.

Jambo lililonishangaza ni kwamba mashine inayotumika husumbuliwa na unyevu kidogo kuliko iliyozimwa. Joto lake lenyewe huikausha hewa iliyo karibu nayo. Ile inayoachwa wiki nyingi bila kuwashwa, kama nilivyoiacha yangu nilipokwenda Mombasa kwa harusi, ndiyo inayoloa. Sasa nikisafiri huacha maagizo iwashwe kila siku mbili tatu kwa saa moja, na ikishapoa hufunikwa kwa kanga kuukuu. Isifunikwe ikiwa bado ina moto.

Kusafisha hufanya mara nne kwa mwaka, nikifuata mabadiliko ya pepo kwa kuwa ndiyo kalenda nisiyoisahau. Huitoa kompyuta nje ya chumba, nikatumia brashi laini ya rangi na kipulizia, nikizizuia feni kwa kidole zisizunguke, maana feni inayozungushwa na upepo mkali huharibu beringi zake na huweza kurudisha umeme kwenye bodi. Mapezi yaliyoganda hayatoki kwa kupuliza. Hitisinki yabidi kung'olewa, itolewe feni yake, ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi na sabuni kidogo, kisha ikaushwe kwa siku nzima. Ukishaing'oa, ile pesti ya joto ya zamani, inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, haifai tena. Ifutwe kwa alkoholi ya isopropili. Spiriti ya vidonda inayouzwa katika maduka ya dawa huweza kuwa na mafuta ndani yake, nayo huacha utando. Pesti mpya iwe tone lenye ukubwa wa mbaazi moja, katikati ya prosesa, na uzito wa hitisinki utaitandaza wenyewe. Nilipoifungua yangu mara ya kwanza niliikuta pesti iliyokuja nayo imekauka na kupasuka kama udongo wa shambani wakati wa kiangazi.

Kichujio cha mbele kilinipa taabu. Nilijaribu kipande cha chandarua, na matundu yake yakawa makubwa mno kwa vumbi letu, ambalo sehemu kubwa ni chokaa inayopukutika kutoka kuta kuukuu, laini kama poda. Soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya fremu ya mbao ndiyo iliyofaa. Hupunguza hewa kidogo, ndiyo, na feni 2 za mbele dhidi ya moja ya nyuma hufidia upungufu huo, tena husukuma hewa kutokea ndani kwenda nje katika kila upenyo wa kasha, vumbi lisipate njia isiyo na kichujio. Chetezo cha udi, kwa heshima zote, sasa hufukizwa mbali nayo, kwa sababu moshi wake una utomvu unaoyagandisha hayo yote.

Wapo wanaoondoa kioo cha ubavuni wakacheza kasha likiwa wazi. Kwa dakika chache za kupima tatizo liko wapi, ni njia nzuri: joto likishuka sana, jua kwamba kasha halipati hewa ya kutosha. Kama desturi ya kila siku sikubaliani nayo hata kidogo, na katika mji wenye paka wengi kama huu sihitaji kueleza zaidi.

Hatua ya mwisho haikunigharimu kitu, na ningeianza kama ningejua. Skrini yangu huonyesha fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde, hali kadi ilikuwa ikitengeneza 110 au 120, nusu ya jasho lake likienda bure. Niliweka kikomo cha fremu 60 katika mipangilio, na feni za kadi zikatulia papo hapo. Kisha niliingia katika BIOS, mipangilio ya msingi ya bodi, nikaishusha prosesa kutoka ukomo wa wati 88 hadi 61. Katika michezo tunayocheza, mpwa wangu hajaona tofauti yoyote, ingawa ninapobana video nzito husubiri kidogo zaidi.

Ninaandika haya maleleji yakiwa yamerudi, kipimajoto cha ukutani kikisoma digrii 32 saa tatu za usiku. Mpwa wangu yuko kwenye mbio zilezile za magari tangu baada ya isha, na prosesa iko kwenye digrii 74, kadi kwenye 69. Feni ya nyuma imeanza mkwaruzo mdogo ambao nadhani ni chumvi iliyokwisha kufika kwenye ekseli. Mbadala wake nimekwisha kuagiza, uko njiani kuja Mokowe, na ami ameahidi kuupokea gatini Jumatano.